Hodi ya Mzee Kibwana

Darasa la pili lilicheka kwa zamu. Alianza Kaniki wa dirishani, peke yake, akanyamaza. Baadaye kidogo wakacheka wawili wa dawati la nyuma, kila mmoja na lake, bila kutazamana. Kisha kimya kikarudi. Mwalimu Mwantumu Shekiondo alikaa mbele yao, mikono mapajani, kama mgeni aliyekaribishwa halafu akasahauliwa.

Zamani yeye ndiye aliyesoma hadithi, mpaka sauti ikamkauka. Siku hizi kazi hiyo ilikuwa ya Msomaji, sanduku la kijivu lililotundikwa juu ya ubao, na yeye kwenye karatasi za ofisi aliitwa msimamizi wa usikivu. Cheo chenyewe kilikuwa kirefu kuliko kazi. Kazi ilikuwa kuangalia kwamba hakuna shanga ya kusikilizia iliyochomoka sikioni mwa mtoto, na kwamba kila kidani kimegusa ngozi vizuri chini ya sweta, maana kule Kwemzizi baridi ya asubuhi haina adabu na watoto hujifunika mpaka kidevuni.

Kidani ndicho kilichokuwa na akili. Kilisikiliza mapigo ya moyo na jasho la shingo, kikapeleka habari kwenye sanduku, na sanduku likamsomea kila mtoto kitabu kilekile kwa kiasi cha moyo wake. Aliyeogopa giza alisomewa usiku wa mbalamwezi. Aliyeogopa mbwa alisomewa paka. Wazazi walikipenda kitu hicho, na mtu asiwalaumu: watoto walilala bila kuweweseka, na hakuna aliyeamka akilia kwa sababu ya fisi wa darasani.

Hadithi ya siku hiyo ilikuwa fupi na ya zamani. Mzee Kibwana anapotelewa na mtamba wake, ng'ombe ambaye hajazaa bado, anaingia msituni kumtafuta. Mkewe anabaki, kila jioni anainjika chungu, na watoto wanakaa dirishani wakitazama njia. Mwishowe, siku ya mvua kubwa, mzee anabisha hodi: tope hadi magotini, mtamba nyuma yake, ndala moja mguuni na ya pili imebaki huko huko msituni. Mwantumu aliisoma hadithi hiyo kwa watoto ambao sasa walikuwa na ndevu.

"Haya," alisema shanga zilipozimika, "kila mtu achore mwisho wa hadithi."

Wakachora. Mwantumu akapita kati ya madawati, akakuta ugomvi tayari umeanza.

"Mwalimu, mwambie Kaniki. Mzee alikuwa na ndala moja, yeye amemchorea mbili."

"Alikuwa nazo mbili," alisema Kaniki. "Nimesikia mwenyewe."

Mwantumu alijizuia kucheka. Mama yake Kaniki alijulikana mtaa mzima kwa namna anavyompokea mtoto aliyerudi bila kiatu. Sanduku lilikuwa limeuonea huruma moyo wa Kaniki, likamrudishia mzee ndala yake.

"Kila mmoja amesikia vizuri," alisema, na jibu hilo halikumridhisha mtu, hata yeye mwenyewe.

Akafika kwa Shufaa. Shufaa alikuwa mgeni shuleni, mtoto mpole, mwenye kushika penseli kwa nguvu mpaka vidole vinapauka. Alikuwa amechora chungu jikoni, dirisha, na njia inayopanda mlimani. Mtu hakuwepo.

"Mzee yuko wapi, mama?"

"Ameenda kumtafuta mtamba."

"Halafu?"

"Halafu mkewe akainjika chungu. Basi."

"Hakurudi?"

Mtoto akamtazama kwa upole, kama anamsaidia. "Mwalimu, wakienda si ndiyo wameenda."

Watoto walipotoka kucheza, Mwantumu alifungua kabati akatoa michoro ya nyuma ya Shufaa. Ile ya hadithi ya mfanyabiashara wa chumvi ilikuwa duka tupu. Ile ya ndege mama ilikuwa kiota na makinda mdomo wazi. Ile ya msichana aliyetumwa kisimani ilikuwa njia. Vitabu hivyo vyote alivijua, na katika vyote aliyeondoka hurudi. Aliiweka michoro mezani mmoja baada ya mwingine.

*

Mwantumu alijua jambo moja kuhusu Shufaa ambalo Shufaa mwenyewe hakulijua.

Siku ya kumwandikisha, mama yake alimvuta mwalimu pembeni, nyuma ya tangi la maji yanayovunwa kwenye ukungu. Walitoka kijiji cha juu zaidi, alisema, kule ambako mlima uliporomoka wakati wa masika. Hemedi, kaka yake Shufaa, alikuwa amekwenda kuwatoa mbuzi bondeni. Maporomoko yalimuua, akazikwa wakati Shufaa yuko Tanga kwa shangazi yake. Mtoto aliporudi akaambiwa kaka amesafiri, amekwenda Songea kwa baba mdogo, anasoma huko.

Hakuna wa kumshangaa mama huyo. Ndivyo tunavyofanya. Mtoto haambiwi msiba, anaambiwa safari, na siku moja anakuja kujua mwenyewe bila mtu kukumbuka ni nani aliyemwambia. Mama alikuwa amehama kijiji ili asiwepo wa kuropoka. Hata jina alilibadilisha. Kule alikuwa Mama Hemedi, kama ilivyo kwa mwenye mtoto wa kwanza. Kwemzizi aliomba aitwe Mama Shufaa, na watu wakamwita hivyo bila kuuliza.

Kwa hiyo fundi Elirehema alipopita na mkoba wake kusafisha vidani, Mwantumu alimngoja mlangoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Elirehema, nionyeshe hili sanduku linamsomea nini Shufaa."

Elirehema alikuwa kijana mwenye heshima na mwenye kupenda kazi yake kupita kiasi. Alitoa kibao chake cha kioo, akakifuta kwa mkono wa koti, na mistari ya moyo wa Shufaa ikatokea, hadithi baada ya hadithi.

"Mama yake aliomba misiba iondolewe, na imeondolewa. Hiyo ni kawaida. Wazazi wengi huomba." Akasogeza kidole. "Ila angalia hapa. Mtoto huyu fisi hamtishi. Radi haimtishi. Kinachomtisha ni kitu cha ajabu kidogo. Kila mtu akibisha hodi kwenye hadithi, moyo wake unaruka hivi."

Mstari ulikuwa umepanda karibu kutoka nje ya kioo.

"Akibisha hodi," alirudia Mwantumu.

"Hodi, au mlango ukifunguliwa, au mtu akiitwa kwa mbali. Ilimchosha sana mwanzoni. Msomaji akajifunza, akaanza kukwepa sehemu hizo. Siku hizi ametulia, tazama." Mistari ya karibuni ilikuwa imelala kabisa. Elirehema alitabasamu. "Ni kazi nzuri, kusema kweli."

"Hilo sanduku linajuaje kama ni hofu?"

"Moyo unakwenda mbio, Mwalimu."

"Na wewe siku uliyomwona mchumba wako anashuka kwenye gari, wako ulikwendaje?"

Kijana akakitazama kibao tena, na tabasamu likamtoka taratibu.

"Kidani kinapima mbio," alisema. "Hakipimi kwa nini."

"Mtoto haogopi hodi. Anaisubiri."

Mwantumu akamwomba arekebishe. Hawezi, alisema kijana, na kweli ilimuuma kusema hivyo. Mpangilio wa mtoto haubadilishwi bila ruhusa ya mzazi. Na kama mwalimu alikuwa anafikiria kusoma mwenyewe kwa mdomo, basi asimwambie, kwa sababu waraka ulikuwa unajulikana: maneno yasiyopimwa hayasomwi mbele ya watoto, na kidani kikivuliwa saa za hadithi, ofisi inaona palepale.

*

Mama Shufaa alifanya kazi kwenye banda la matunda, ambako ndege ndogo za mizigo zilishuka kutoka mashambani na masanduku ya plamsi na peasi. Wanawake walichambua wakiwa wamesimama. Mwantumu alimkuta anatenga peasi zilizobonyea, akamsaidia kutenga huku akimweleza, kwa sababu maneno kama yale ni rahisi kuyasema mikono ikiwa na shughuli.

Mama alisikiliza bila kuinua macho. Alipomaliza kusikiliza alisema, "Acha hivyo hivyo, Mwalimu."

"Niache nini?"

"Hilo sanduku. Liache."

"Mama Shufaa, linamfundisha mwanao kwamba anayeondoka harudi."

"Kwani ni uongo?"

Peasi moja ilimponyoka Mwantumu, ikaviringika chini ya meza.

"Mwanzoni alikuwa ananiuliza kila siku," alisema mama kwa sauti ya chini, maana wenzake walikuwa karibu. "Hemedi anakuja lini. Likizo atakuja? Mimi namjibu, mwanangu, barabara mbovu, mwanangu, mitihani. Uongo unanipanda kooni. Halafu akaanza kupunguza. Sasa wiki nzima hajauliza. Nikasema alhamdulillahi, Mungu amenitua mzigo. Kumbe ni sanduku." Alipangusa mikono kwenye kanga. "Basi na liendelee. Linamzoesha kidogo kidogo. Mimi siwezi, Mwalimu. Nimejaribu. Nikitaka kulitaja jina lake mdomo unakataa."

"Hajazoea. Amekata tamaa. Ni vitu viwili."

"Kwa mtoto wa miaka saba vinatofautianaje?"

"Aliyezoea analia, kisha anacheza. Wako halii, na hachezi."

Mama aliinamisha uso kwenye masanduku, na Mwantumu akajua ameumiza. Alitaka kumshika bega lakini mkono haukwenda. Hakuwa na hasira na mama yule hata kidogo. Hasira yake ilikuwa kwa ule mstari uliolala kwenye kioo, na kwa namna kila mtu alivyouona akafurahi.

"Usimwambie," alisema mama. "Nakuomba kwa Mungu. Usije ukamwambia wewe."

"Sitamwambia. Hilo si langu."

Hilo alilishika. Lakini akirudi shuleni kwa ile njia ya kando ya nyavu za ukungu, alikuwa tayari ameamua jambo jingine, na alijiona mjanja. Kumwambia mtoto habari za kaka yake aliombwa asimwambie. Kusoma kitabu hakuna aliyemwomba asisome, ukiacha ofisi. Na kitabu chenyewe kilikuwa na mwisho wa furaha. Nani aliwahi kuumizwa na mwisho wa furaha?

*

"Vueni shanga," alisema kesho yake. "Na vidani. Wekeni mezani."

Watoto walitazamana. Kaniki aliuliza kama kuna ugonjwa. Mwantumu akasema hakuna ugonjwa, kuna kitabu, akakitoa chini kabisa ya kabati, jalada limechakaa na pembe zimeliwa na mende. Juu ya ubao taa ya sanduku iligeuka njano. Ofisini mtu alikuwa ameanza kuona. Acha waone, alijisemea.

Sauti ya kwanza ilitoka kavu, akakohoa, akaanza upya. Mzee Kibwana alikuwa na mtamba mwekundu. Watoto walikaa vibaya kwenye viti vyao. Sauti ya mtu mmoja kwa darasa zima ilikuwa kitu kigeni kwao. Kila mmoja alidhani anasemeshwa yeye, kisha anamwona jirani naye anasikiliza. Mzee alipoteleza akakalia siafu, Kaniki alicheka, na safari hii wote wakacheka naye, kwa pamoja, mpaka wakashtuka wenyewe kwa kelele zao. Walitazamana wakacheka tena kwa sababu hiyo tu.

Mwantumu alijisikia mzima. Kiti kilimshinda, akasimama. Alisoma msitu kwa sauti ya chini, akasoma chungu, akasoma watoto wa dirishani. Msichana mmoja aliogopa giza la msitu, akamshika mwenzake mkono, na mwenzake akauacha ushikwe. Sanduku lisingeruhusu giza hilo. Lakini pia lisingempa mkono wa kushika.

Zamani alikuwa na desturi yake, na watoto wa zamani waliijua: akifika kwenye hodi hugonga meza, na darasa huitikia. Hawa hawakuijua. Mvua ikanyesha kitabuni, mke akanyanyua kifuniko cha chungu, na Mwantumu akagonga meza kwa kifundo cha kidole.

"Hodi!"

Hakuna aliyeitikia. Lakini Shufaa alikuwa amesimama.

Alisimama wima kabisa, mikono imeshika ukingo wa dawati, uso umefunguka kiasi ambacho Mwantumu hakuwahi kukiona kwa mtoto yule. Mwalimu alimaliza ukurasa kwa sababu hakujua la kufanya jingine. Mzee aliingia. Tope hadi magotini. Mtamba nyuma. Ndala moja.

"Umeona?" mtu alimwambia Kaniki. "Moja."

"Mwalimu," alisema Shufaa. "Kumbe anarudi?"

"Anarudi, mama."

"Hata kama amekaa sana?"

Mwantumu aliliona shimo alilokuwa amelichimba, na aliliona akiwa tayari ndani yake. "Huyu alirudi," alisema taratibu.

Shufaa hakusikia tofauti. Aligeuka kwa darasa zima, kwa fahari, kwa sauti ambayo hawakujua kama anayo. "Mimi nina kaka yangu. Anaitwa Hemedi. Yuko Songea. Na yeye atarudi."

Watoto walifurahi. Wakamuuliza kama atakuja na zawadi. Alisema atakuja na zawadi. Mwantumu alifunga kitabu. Sanduku lisilojua lolote lilikuwa limemsomea mtoto huyu ukweli siku zote hizo. Yeye, mwenye kujua, alikuwa amesoma kilichoandikwa, neno kwa neno, na kimekuwa uongo mkubwa kuliko ule wa Songea.

*

Mwantumu alimtuma mlinzi wa shule bandani kumwita Mama Shufaa. Mama alifika mchana watoto wengine wakiwa wameondoka, kanga imelowa maji ya matunda, pumzi juu, akidhani mwanawe ameanguka. Alimkuta Shufaa dawatini anachora. Safari hii kulikuwa na mlango, na mtu mlangoni.

Mwantumu alimsogeza mama kando ya ubao, akamweleza yote, bila kujitetea. Alisema alimsomea hodi. Alisema alidhani furaha haina madhara. Alisema mtoto sasa anasubiri, na kusubiri kwake ni kwa sababu ya mwalimu, na ofisi watakuja kumuuliza na atawajibu, lakini hilo ni dogo.

"Nilikwambia uache," alisema mama. Hakupandisha sauti. "Alikuwa ameshanyamaza."

"Ulinambia."

"Sasa mwambie wewe. Wewe ndiye umemwamsha."

"Nikimwambia mimi, atajua kwamba kaka yake amefariki. Na atajua kwamba mama yake hawezi kumlilia pamoja naye. La pili litamkaa zaidi."

"Siwezi."

"Mama Hemedi," alisema Mwantumu.

Jina hilo halikuwa limetamkwa Kwemzizi. Mwanamke aliweka kiganja ukutani. Kwenye dawati Shufaa aliinua kichwa mara moja, kwa sababu hilo ndilo jina la mama yake analolijua, na kwa muda mrefu alikuwa amejiuliza lilikwenda wapi. Mwantumu aliona wote wawili wanavyolipokea. Hakuwa na hakika kama amefanya vyema au ameongeza kosa juu ya kosa.

Mama alivuka darasa. Alikaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yakampanda karibu na kifua, akautazama mchoro.

"Huyu nani?"

"Hemedi. Nimemchora na ndala zote."

"Shufaa." Alisubiri mdomo umkatae, na ulimkatalia mara moja, akaanza tena. "Hemedi hayuko Songea. Hakwenda Songea. Siku ile mlima ulipoporomoka alikuwa bondeni, na mbuzi. Alifariki, mwanangu. Tulimzika. Mimi nilimwosha uso. Nilikudanganya kwa sababu sikujua nitakaaje na wewe ukishajua."

Vidani vilikuwa mezani, vimezimwa. Hakuna kilichopima, hakuna kilichopunguza. Shufaa akageukia ubao, akalitazama sanduku.

"Kwa hiyo sanduku lilikuwa linasema kweli, na Mwalimu alikuwa anasema uongo?"

Swali lilimpata mahali pake. Mwantumu alisogea akachuchumaa, apate kulijibu uso kwa uso.

"Sanduku lilikuwa halijui, mama. Lilidhani unaogopa hodi, likaiondoa. Na mimi nilisoma ya Mzee Kibwana, nikasahau kwamba wewe utaisikia ya Hemedi. Hilo ni kosa langu. Mzee Kibwana alirudi. Hemedi hakuweza. Angeweza, angekuja kwako mbio."

"Na ndala moja?"

"Hata bila ndala."

Hapo ndipo Shufaa alipolia. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, kama watoto wanavyolia wakianguka, na mama yake akamvuta kifuani akalia naye, kilio kilichokuwa kimesubiri tangu masika. Mwantumu hakutoka nje. Alitaka kutoka, kwa heshima, lakini mkono wa mama ulikuwa umeshika upindo wa gauni lake na haukuachia. Juu ya ubao taa ya njano iliwaka tu, bila mtoto wa kumsikiliza.

Baadaye kilio kilipungua kikawa kwikwi, na kwikwi ikawa pumzi. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka dirishani. Shufaa alijitoa kifuani kwa mama, akautazama mchoro wake, akauacha ulivyo.

"Mwalimu, Mzee Kibwana ni mtu wa kweli?"

"Hapana. Ni wa kitabuni."

Mtoto alilifikiria jambo hilo. "Basi soma tena. Pale anapobisha hodi."

Mwantumu alimtazama mama. Alijua kosa lake la asubuhi, na hakutaka kulirudia mchana.

"Unajua kwamba ni yeye tu anayerudi?" alimuuliza mtoto.

"Najua. Nataka yeye arudi."

"Msomee, Mwalimu," alisema Mama Hemedi. "Na mimi nisikie."

Akafungua kitabu, akatafuta mvua. Alisoma taratibu, kwa sauti iliyokwaruza. Mke alinyanyua kifuniko cha chungu, watoto walikuwa dirishani, na Mwantumu akagonga meza kwa kifundo cha kidole.

"Hodi."

Aliyeitikia kwanza alikuwa Mama Hemedi. Shufaa alikawia kidogo, akapangusa pua kwa kiganja, kisha naye akasema karibu.